Kupiga Hodi Barabara Kuu: Namna ya Kuingia TANZAM Bila Kumshikisha Mtu Breki

Katika Nyanda za Juu Kusini, mtu akitoka shambani, sokoni au msibani kwa gari, mara nyingi safari yake itamfikisha kwenye lami ile ile moja. Wa Songea na Njombe huipata Makambako. Wa Kyela na Tukuyu huipata Uyole. Wa Matamba huteremka kona zao hamsini na saba hadi Chimala, na wa Iringa mjini, ambao mji wao umekaa juu kilimani, hushuka hadi Ipogolo. Hapo wote hukutana na barabara ya TANZAM, ile itokayo Dar es Salaam hadi Zambia, iliyobeba malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya Dar es Salaam, fuso za viazi, pawatila (trekta ndogo za magurudumu mawili) za mpunga na bodaboda zisizo na idadi. Na kwa sehemu kubwa ya urefu wake imebeba yote hayo kwenye njia mbili tu, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi.

Makala haya yanahusu ile nusu dakika ambayo dereva anatoka kwenye barabara ya pembeni na kuingia kwenye lami hiyo. Nilipojifunza udereva nilifundishwa kuondoa gari, kubadili gia, kurudi nyuma na kuegesha, lakini kuingia barabara kuu niliachiwa nijifunze mwenyewe kwa woga na kwa bahati. Baada ya miaka mingi ya kupita njia hii nimebaki na kipimo kimoja ninachojipimia kila siku: aliye barabarani akilazimika kukanyaga breki kwa sababu yangu, nimeingia vibaya, hata kama hakuna kilichogongwa na hata kama yeye mwenyewe hakupiga honi. Barabara kuu ni nyumba ya aliyekwisha kuwamo. Wewe uko mlangoni, unapiga hodi, na hodi haiitikiwi kwa kusukuma mlango.

Matayarisho kabla ya lami

Kazi ya kuingia salama huanza mita mia kadhaa kabla ya makutano, ukiwa bado kwenye vumbi au tope. Ukitoka vijijini wakati wa masika, vioo vya pembeni huwa vimeshapakwa udongo na kioo cha nyuma hakionyeshi chochote. Simama, shuka, vifute kwa kitambaa, kwa kuwa dakika moja ya kufuta vioo haitakuchelewesha kokote. Angalia pia matairi. Udongo mwekundu wa huku ukishika tairi huligeuza kuwa kama sabuni, na mita chache za kwanza kwenye lami iliyolowa gari linaweza kuteleza kiubavu wakati ambapo wewe ulitegemea lichomoke. Anayetoka kwenye changarawe ana tatizo linalofanana na hilo, maana akikanyaga mafuta kwa nguvu huku tairi za nyuma zikiwa bado juu ya kokoto, tairi zitazunguka pale pale, kokoto zitaruka, na gari litabaki limekaa nusu kwenye lami na nusu nje, mahali pabaya kuliko pote. Ondoka polepole mpaka tairi zote ziwe zimepanda lami, ndipo uongeze mafuta.

Kama umebeba mzigo, uwe umeshaufunga vizuri, kwa sababu mzigo unaosogea nyuma wakati gari linachomoka hukukatisha mwendo pale unapouhitaji zaidi. Abiria wawe wamekaa na mikanda wamefunga. Punguza redio, teremsha kioo cha upande wako, na usipokee simu. Sitarefusha hapo, kwa kuwa hayo kila mtu anayajua, ingawa wengi tunayaacha.

Kisha simama. Penye kibao cha kusimama, au penye mstari mweupe uliokatiza mbele yako, simama kabisa mpaka tairi zitulie. Penye pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini unaruhusiwa kupita bila kusimama ikiwa njia ni nyeupe kweli, lakini kwenye TANZAM mimi husimama hata hapo, kwa sababu lori lililojificha nyuma ya kona au nyuma ya miti ya msitu wa Sao Hill huhitaji sekunde chache tu kujitokeza.

Wapi pa kuangalia

Tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo anayeingia kwa kukata kushoto anafundishwa kuangalia kulia, ambako ndiko magari ya njia anayoiingia yanatokea. Wengi huishia hapo. Wanaangalia kulia, wanaona pako wazi, wanaingia wakiwa bado wamegeuza shingo kulia, na uso kwa uso wanakutana na basi lililotoka kushoto, lililokuwa likilipita lori na hivyo likawa limejaa kwenye njia yao. Kwenye barabara ya njia mbili, gari linalolipita jingine hutumia njia yako. Dereva wa basi hilo naye alikuwa ameitazama njia hiyo mbele yake akaiona tupu, na kweli ilikuwa tupu mpaka ulipoingia wewe.

Kwa hiyo angalia kulia, angalia kushoto, kisha angalia kulia tena, na ukiangalia kushoto usitafute tu gari lililo karibu. Tafuta lori linalokwenda taratibu lenye magari yaliyojipanga nyuma yake. Ukiona msururu wa namna hiyo, chukulia kwamba mmoja wao atatoka nje kulipita lori hilo mara tu atakapoona upenyo, na huo upenyo anaoutafuta ndio huo huo unaoutafuta wewe. Mwache atoke, au hakikisha msururu wote umepita.

Nguzo ya kioo cha mbele nayo huficha mengi. Bodaboda nzima yenye abiria wawili na gunia inaweza kujificha nyuma ya nguzo hiyo kwa sekunde mbili au tatu ikiwa inasogea sawasawa na jicho lako linavyozunguka. Inama mbele, rudi nyuma kwenye kiti, sogeza kichwa. Mtu anayekuona atadhani unatafuta kitu kilichoanguka, lakini hiyo ndiyo namna ya kuliona kila lililojificha.

Kupima upenyo kwa kuhesabu

Macho yetu hayapimi vizuri mwendo wa kitu kinachokuja moja kwa moja kuelekea kwetu, hasa kitu kikubwa. Lori kubwa huonekana kama linatambaa mpaka linapokuwa limeshafika. Hivyo badala ya kukisia, hesabu.

Ukiwa umesimama kwenye makutano, chagua alama iliyo mbali upande magari yanakotokea: mti, kibao cha kijiji, kona ya banda la mkaa. Gari la kwanza likifika kwenye alama hiyo anza kuhesabu kwa utulivu, elfu moja na moja, elfu moja na mbili, mpaka lipite mbele ya pua ya gari lako. Likikufikia kwenye sita, alama hiyo ni ya karibu mno. Chagua nyingine ya mbali zaidi. Likikufikia kwenye kumi au zaidi, umeshapata mstari wako. Kuanzia hapo kanuni ni rahisi: gari lolote likiwa limeshapita alama kuja kwako, unasubiri; kama hakuna gari kati yako na alama, na upande wa kushoto nako kumekubali, unaingia. Pima kwa gari dogo linalokimbia, usipime kwa lori, maana kati ya yote yanayokuja ni lile la mbio litakalokukuta.

Sababu ya kumi ni hii. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Gari linalokwenda 80 hula takriban mita 22 kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde kumi limemaliza mita 220. Gari dogo la kawaida linahitaji kama sekunde kumi na tano kutoka kusimama hadi kufikia 80 huko huko, na katika muda huo litakuwa limetembea nusu ya umbali ambao anayekuja nyuma ametembea. Ukipiga hesabu utaona kwamba ukiingia naye akiwa sekunde kumi nyuma yako, atakukaribia mpaka abaki na nafasi ndogo lakini ya kutosha, na mguu wake hautakuwa umegusa breki. Ukiingia akiwa sekunde sita nyuma, breki ataigusa. Akiwa sekunde nne, mtakutana.

Hesabu hiyo ni ya gari jepesi kwenye tambarare. Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo wageni kutoka Pwani hulishangaa: gari lao linakuwa zito. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Gari lililokuwa likichomoka vizuri Kibaha litachelewa Mbeya, likiwa na watu watano na magunia mawili ya mchele wa Igurusi ndiyo kabisa. Kwa gari la namna hiyo hesabu kumi na tano, na kama makutano yako kwenye mwinuko, ongeza tena.

Taa ya lori si ahadi

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu ndipo nilipokaribia kufa.

Nilikuwa nimetoka upande wa mashamba ya chai ya Mufindi, nimefika Nyololo, nataka kukata kushoto kuelekea Makambako. Kando yangu alikaa mjomba wangu, aliyestaafu kuendesha malori ya masafa marefu. Kulia, kutoka Mafinga, likawa linakuja lori lenye tela, na indiketa yake ya kushoto inawaka. Nikaona ni wazi kwamba lori linakata kushoto kuingia kwenye barabara niliyotoka mimi, kwa hiyo halitanifikia, na nikaanza kuachia klachi.

“Mjomba, tulia,” akasema, na mkono wake ukawa tayari umeshika breki ya mkono.

“Lakini mjomba, si anaingia huku?”

“Umeambiwa na nani? Achana na taa. Angalia matairi ya mbele, kisha angalia kama anapunguza.”

Matairi yalikuwa yamenyooka na lori halikuwa likipunguza chochote. Likatupita likivuma, gari letu likatikisika, na ubavuni mwake, upande wa kulia, lilikuwepo basi likilipita lori hilo kwa kasi. Indiketa ile haikuwa yangu. Dereva wa lori alikuwa akimwambia dereva wa basi nyuma yake kwamba mbele ni kweupe, pita.

Lugha hiyo ya madereva wa malori kila anayetumia TANZAM anaifahamu anapokuwa nyuma ya lori: indiketa ya kushoto maana yake pita, ya kulia maana yake kaa, kuna gari linakuja. Ni ukarimu mkubwa, na umeokoa wengi. Tatizo ni kwamba taa hiyo moja inasomwa na watu wawili waliosimama mahali tofauti. Wa nyuma anasoma “pita”, na wewe uliye njia panda unasoma “nakata kona”. Pengine pia dereva anataka kusimama kushusha mtu mbele ya makutano, au alisahau kuizima tangu alipotoka mizani. Taa moja ina maana nne, na tatu kati ya hizo zitakuua ukiingia.

Kwa hiyo usiingie kwa kuamini indiketa ya gari linalokuja. Subiri mpaka uone mambo mawili kwa pamoja, yaani gari limepunguza mwendo kiasi cha kuonekana kwa macho, na tairi za mbele zimeanza kugeuka. Lori lenye tela haliwezi kukata kona ya digrii tisini kwa mwendo wa 60. Kama linakata kweli, utaliona likipunguza mapema na likitanuka kidogo upande wa kulia ili tela lipate nafasi ya kuzunguka.

Vivyo hivyo kwa anayekumulika taa kubwa. Wengine huwasha na kuzima wakimaanisha “pita, nimekuruhusu”. Wengine hufanya hivyo hivyo wakimaanisha “kaa huko, mimi sisimami”. Wapo pia wanaomsalimu mwenzao wa upande wa pili, au wanaomtahadharisha kwamba mbele kuna trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo, na wewe umejikuta katikati ya mazungumzo yasiyokuhusu. Mwanga ukikufikia, usijibu kwa kuondoka. Jibu kwa kuangalia kama gari linapunguza.

Kuingia kwenyewe

Ukishaamua kuingia, ingia. Nusu ya ajali za njia panda nilizozishuhudia zilitokana na mtu aliyeanza kuingia, akaogopa, akasimama pua ikiwa ndani ya lami. Anayekuja nyuma anaweza kukuhesabia ukiwa unakwenda, na anaweza kukuhesabia ukiwa umesimama, lakini hawezi kumhesabia mtu asiyejua anachotaka. Washa indiketa ya upande unaokata kabla hujaondoka, si wakati unaondoka. Kata kona yako kwa kubana upande wako, usiufikie mstari wa katikati, kisha unyooshe gari na upande gia hadi ulingane na mwendo wa wenzako. Kuingia na kuendelea kwenda 30 huku ukimalizia kutafuna muhogo ni kumdai mtu nafasi ambayo hakukupa.

Anayekata kulia ana kazi mara mbili, kwa sababu anavuka njia moja kisha anaingia nyingine, na anahitaji upenyo wa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Asisimame katikati ya barabara akisubiri upande wa pili ukubali, labda kama kuna kisiwa kilichojengwa kwa ajili hiyo. Saa za msongamano, hasa kati ya Uyole na Mbalizi, mara nyingi ni busara kukata kushoto, kwenda na wenzako hadi mahali pa kugeuzia palipo salama, na kurudi. Utapoteza mafuta kidogo, lakini nyuma yako hakutakuwa na foleni ya bajaji zinazopiga honi kukusukuma uingie pasipoingilika. Na honi za nyuma zisikusumbue. Anayepiga honi nyuma haoni unachokiona, na likitokea la kutokea, atakayegongwa ubavuni ni wewe.

Anayeondoka kwenye bega la barabara, kwa mfano daladala iliyoshusha abiria au gari lililosimama kununua parachichi, afanye kazi ile ile: indiketa ya kulia, kioo, kisha kugeuza shingo kutazama begani, maana kioo hakionyeshi pikipiki iliyo ubavuni. Bega likiwa pana na tupu unaweza kulitumia kuchukua mwendo kidogo kabla ya kuingia, ilimradi uhakikishe mbele hakuna mtembea kwa miguu, baiskeli ya mkaa au wanafunzi. Lami ikiwa imekatika ghafla pembeni, kama ilivyo sehemu nyingi, usiipande kwa mwendo kwa upande mmoja wa tairi. Gari likipanda ngazi hiyo kwa nguvu huruka hadi njia ya pili. Punguza, ipande kwa pembe ya kutosha, kisha ongeza mwendo.

Usirudi nyuma kuingia barabara kuu. Kama uliegesha kwa kutanguliza pua nyumbani au dukani kando ya barabara, geuza gari huko huko ndani.

Kwenye milima

Lori la makontena au la shaba linaruhusiwa kufikia tani 56 pamoja na uzito wake lenyewe. Mzigo huo ukiwa unashuka Mlima Nyoka, au mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, dereva wake anaushikilia kwa gia ndogo na kwa kugusa breki kwa uchache kadiri awezavyo, kwa sababu breki zikipata joto kupita kiasi huacha kushika. Ukimwingilia mbele, hata kama una nafasi ambayo ungeiona ya kutosha mbele ya gari dogo, unamlazimisha atumie breki alizokuwa akizitunza kwa ajili ya kona inayofuata. Mbele ya lori linaloshuka, kaa mpaka lipite, hata kama limebaki mbali.

Linalopanda nalo lina haki yake. Dereva wa lori anayekaribia Kitonga au mwinuko wowote mrefu huwa amejikusanyia mwendo kule chini ili umsaidie kupanda. Ukijitokeza mbele yake kwa mwendo wa kobe, atashuka gia, mwendo alioutafuta utaisha, na atapanda mlima mzima akitambaa na msururu wa magari nyuma yake, kila mmoja akitafuta pa kumpita kwenye kona. Umemsababishia nusu saa ya taabu kwa kutokusubiri sekunde ishirini. Mtu wa namna hiyo sisi tunamwita mchomekeaji, na jina hilo si la sifa.

Ukungu na jioni

Asubuhi za Mafinga na Makambako, na wakati mwingine mchana kutwa msimu wa mvua, ukungu hushuka mpaka huoni gari hadi liwe mita hamsini. Katika hali hiyo ile kanuni ya alama na kuhesabu haifanyi kazi, kwa kuwa alama yenyewe huioni. Zima redio, teremsha vioo vyote viwili na usikilize. Injini ya lori na mvumo wa tairi husikika kabla taa hazijaonekana. Washa taa za mbele kwa mwanga wa chini, si zile kubwa, kwa sababu taa kubwa kwenye ukungu hukurudishia ukuta mweupe machoni. Na kama unaweza kusubiri chai ya pili hadi jua litoboe, isubiri.

Jioni hatari ni ya aina nyingine. Pawatila zinazorudi kutoka mashamba ya mpunga ya Igurusi na Chimala huvuta tela lisilo na taa wala kiakisi, na bodaboda nyingine hazina taa ya mbele. Ukitazama kulia ukaona giza tupu, usiseme hakuna kitu. Tazama kama kuna kivuli kinachokatiza taa za magari ya mbali. Mwenye pawatila naye, akilazimika kuingia lami kwa kipande kifupi, atafute mtu ashuke na tochi au kitambaa cheupe asimame kando, pasipo kusimama ndani ya njia.

Wajibu wa aliye ndani

Mwenye nyumba naye ana adabu zake. Ukimwona mtu anasubiri njia panda, na nyuma yako kuna nafasi, usiongeze mafuta ili umfungie upenyo. Kuna madereva wanaofanya hivyo kama mchezo na sijawahi kuelewa wanashinda nini. Ukiona ameshaanza kuingia, achia mafuta kidogo, gari lipungue lenyewe.

Lakini usisimame katikati ya barabara kuu kumpisha. Huo ni ukarimu unaoua. Anayekuja nyuma yako hajui kwa nini umesimama, atakupita kwa kulia, na yule uliyempungia mkono aingie ataingia moja kwa moja mbele yake. Ukitaka kumsaidia mtu, msaidie kwa kuacha nafasi, wala usimpungie mkono kumwambia njia ni nyeupe. Hujui kama ni nyeupe upande asiouona.

Kwenye foleni mambo hubadilika. Pale Uyole, Mafiati au Tunduma, magari yakiwa yanakwenda kwa hatua za miguu, upenyo wa sekunde kumi hautapatikana hadi usiku. Hapo desturi njema ni moja kwa moja: gari moja la barabara kuu, gari moja la pembeni, kwa zamu. Mwombe dereva kwa macho, sio kwa bampa, na ukishapewa nafasi inua mkono. Kwa Mhehe ule mkono ni kamwene, yaani salamu, na kwa Mnyakyusa ni ndaga, yaani asante, na wote wawili huupokea hata vioo vikiwa vimefungwa. Anayetanua begani kuwapita wote na kuja kuchomekea mbele hastahili zamu, ingawa mara nyingi ni salama zaidi kumwacha apite kuliko kushindana naye.

Njia nne na njia za kuongezea mwendo

Kipande cha kati ya Nsalaga na Ifisi kinapopanuliwa kuwa njia nne, madereva wa Mbeya watazoea jambo ambalo waliokwenda Dar es Salaam wameshaliona kati ya Kimara na Kibaha: magari ya upande wa pili yametengwa, na hatari ya kukutana uso kwa uso na anayepita jingine inapungua. Anayekata kushoto ataingia njia ya kushoto kabisa na kubaki humo hadi apate mwendo. Kuruka kutoka barabara ya pembeni moja kwa moja hadi njia ya kulia ni kosa, kwa sababu ya kulia ndiyo inayobeba magari ya mbio.

Katika nchi zenye barabara za kasi zilizofungwa, kama Afrika ya Kusini au Uingereza, barabara ya kuingilia huwa na njia ya ziada ndefu iliyokwenda sambamba na barabara kuu. Njia hiyo ipo ili uongeze mwendo ukiwa bado nje, ulingane na wenzako, kisha ujipenyeze pembeni yao kama mtu anayejiunga na safu ya ngoma bila kuivunja. Aliye ndani ndiye mwenye haki ya njia hata huko. Akiweza atahamia njia ya pili kukupa nafasi, lakini halazimiki. Kosa la wageni ni kusimama mwisho wa njia hiyo. Ukisimama hapo umebakiwa na gari lililotulia mbele ya magari ya kilomita 100 kwa saa, na umeipoteza nafasi yote uliyopewa ya kuongeza mwendo. Anza kuangalia upenyo mapema, tangu kwenye kona ya kuingilia, washa indiketa ya kulia, na panga mwendo wako uangukie kwenye upenyo.

Jambo la mwisho linahusu indiketa hiyo hiyo ya kulia, iwe umetoka kwenye njia ya namna hiyo au kwenye bega la barabara hapa Inyala. Ukikata kona kamili, usukani ukirudi huizima wenyewe. Ukiingia kwa kuteleza pembeni, usukani haukuzunguka vya kutosha, na indiketa itaendelea kuwaka kilomita nyingi bila wewe kuisikia. Aliye nyuma yako ataisoma kwamba unamkataza kupita, na anayesubiri kwenye njia panda ya mbele upande wa kulia atadhani unaingia kwake, naye ataanza kuachia klachi. Ikague kwa macho, halafu izime kwa mkono.